Thrustmaster T.16000M na usukani wa mkia: kiganja kimoja kinafanya kazi ya miguu miwili

Wakuu salama. Hii ni rivyu ya joistiki ya Thrustmaster T.16000M na naiandika kwa mtu wa simuleta za ndege za kivita, yani DCS World na IL-2, sio yale magemu ya kwenye simu ambayo ndege haianguki hata uilazimishe. Nitakaa sana kwenye kitu kimoja, usukani wa mkia (rada kwa kiingereza rudder, kile kinachogeuza pua kulia na kushoto), sababu rivyu nyingi zinakuhesabia batani, zinakusifia ile rangi ya chungwa, zinagawa nyota nne alafu basi, we umeshalipa ndio unakuja kugundua ndege haitaki kukaa katikati ya ranwei. Batani 16 hazina msaada wowote kwa ndege iliyoishia kwenye majani kabla haijapaa.

Kuipata hapa Chuga, yani Arusha, ni shughuli. Zunguka Sokoine Road yote, panda mpaka mnara wa saa, ingia kila duka la kompyuta, ukisema joistiki wanakutolea padi ya PlayStation na wanakuuzia na chaja juu yake. Kuna mmoja akaniuliza kama nataka ile ya kuendeshea basi. Yangu imetoka Dar kama kifurushi cha basi, na mpaka inafika mkononi ilikuwa imekula karibu laki tatu. Najua kuna watu watasema hao ni mbuzi wawili, sibishani nao.

Sasa yenyewe. Kulaza ndege kushoto na kulia, na kuinua au kushusha pua, vinasomwa na sensa za sumaku, hakuna kitu kinachosuguana mle ndani, na usomaji wake ni wa biti 14, maana yake kila eksisi (yani kila mwelekeo wa kusogea) ina hatua 16,384. Unaisikia tofauti pale unapolenga, ukisogeza kidogo sana kidoti cha kulengea nacho kinasogea kidogo sana, hakirukiruki. Springi ni moja, laini kiasi, mkono hauchoki. Kishikio kina vipande vinavyofunguka unavihamisha upande wa pili kwahiyo mashoto nao wamekumbukwa, kitu ambacho joistiki nyingi za bei hii hazina habari nacho. Hapo chini kuna kislaida kidogo cha throtoli, yani nguvu ya injini, kinafanya kazi, siwezi kukisifia zaidi ya hapo.

Usukani wa mkia ndio upo kwenye kishikio chenyewe. Unakizungusha kulia, pua inaenda kulia, unakizungusha kushoto inaenda kushoto, alafu kuna loki ya kukifunga kisizunguke kabisa kama hukitaki. Ila zile sensa za sumaku zinazotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za zile eksisi mbili za kwanza tu. Mzunguko wa kishikio unasomwa na volyumu, ile ile ya kwenye redio, kaboni na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Kwahiyo ndani ya kifaa kimoja una eksisi mbili za kifalme na moja ya kawaida, na ile ya kawaida ndio umepewa kazi ngumu.

Kwanini nasema ngumu. Chukua TF-51D, ambayo inakuja bure na DCS pamoja na Su-25T, hizo mbili hulipii kitu zaidi ya bando la kudaunilodi (na hilo bando lenyewe jipange, sio la siku moja). TF-51D ni Mustang ya mafunzo, haina bunduki, ina injini ya Merlin. Propela yake inazunguka kulia ukiiangalia toka kwenye kiti cha rubani, upepo inaousukuma unajizungusha kwenye bodi na kwenda kuupiga mkia toka upande wa kushoto, injini nayo inataka kuilaza ndege nzima kushoto, alafu mkia ukianza kuinuka propela inakuwa na tabia ya jairo (kitu kinachozunguka kwa kasi, ukikipinda kinasukuma pembeni) inavuta kushoto tena. Vyote vinavuta upande mmoja na vyote vinakuja wakati mmoja, yani pale unapofungua throtoli. Rubani wa kweli anakanyaga pedali ya kulia. Mi na we tunazungusha kiganja.

Na usidhani ni kulia siku zote ukakariri. Spitfire zenye injini ya Merlin zinavuta kushoto kama Mustang, ila zile za baadae zilizofungwa Griffon propela yake inazunguka kinyume, zinavuta kulia. Helikopta ya Huey ndio vurugu nyingine, rota ya kimarekani inazunguka kinyume na saa ukiiangalia toka juu, bodi inataka kwenda kulia, kwahiyo ukining'inia hewani unashikilia kushoto muda wote. Shikilia kishikio kimezungushwa kushoto dakika kadhaa ndio utajua kiganja kina misuli gani.

Haya tuje kwenye kuseti, sababu joistiki hii ikitoka kwenye boksi na ukaenda nayo moja kwa moja kwenye ndege utaichukia bure. Kabla ya gemu, bonya kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, fungua, iangalie eksisi ya mzunguko ikiwa imetulia. Ukikiacha kishikio mstari unatakiwa ukae katikati na usitetemeke. Ukitetemeka kidogo sana sio kesi, ukirukaruka hiyo ni volyumu chafu na hakuna setingi ya gemu itakayokuokoa.

Ndani ya DCS nenda kwenye kontroli, chagua ndege yako, na hapa kumbuka kila ndege ina setingi zake peke yake, ulichoseti kwenye Su-25T hakihamii kwenye TF-51D. Fungua eksisi. Utakuta gemu imeshajipangia yenyewe, na kama umechomeka na kifaa kingine, padi, throtoli, chochote chenye eksisi, nacho imeshakipa kazi hiyo hiyo, kwahiyo usukani wako unaamriwa na mabosi wawili na ndege inaenda upande kwa upande we ukiwa umekaa tu. Hili ndio linalowapoteza watu wengi kuliko lingine lolote, mtu anasema joistiki mbovu kumbe padi iliyolala chini ya meza ndio inayomvutia pua kushoto. Futa kila kitu kwenye mstari wa usukani isipokuwa joistiki, na kwenye joistiki hakikisha imeandikwa RZ, hilo ndio jina la eksisi ya mzunguko.

Alafu ingia kwenye kutyuni hiyo eksisi. Kuna dedizoni (sehemu ya katikati ambayo gemu inaipuuza), kuna kavecha, kuna sachuresheni mbili, ya X na ya Y, na kuna kiboksi cha slaida. Slaida usiiguse kabisa, hiyo ni ya throtoli, ukiitiki kwenye usukani gemu inauona kama kitu kinachoanzia sifuri badala ya kitu chenye katikati na pande mbili. Dedizoni mi nimeweka 6. Kuna watu wanaweka 15 mpaka 20 ili kishikio kisishtuke na nawaelewa wanakimbia nini, ila hapo umekata sehemu ile ile unayoihitaji, ile ndogo ya katikati, kwahiyo unazungusha hakuna kitu, unazungusha hakuna kitu, alafu ghafla pua hiyo inaondoka. Mkunjo wa kavecha nimeweka 25, na huu ndio unaoleta raha yote, katikati inakuwa pole na pembeni inakuwa kali. Sababu yake ni kwamba pedali za kweli zina safari ndefu na mguu mzima unazisukuma, we una kishikio kinachozunguka kidogo tu, kwahiyo kila nyuzi yako moja ni amri kubwa kwa ndege. Mkunjo unapunguza ukali pale kati bila kukunyima nguvu ya mwisho.

Sachuresheni Y ndio wengi wanaishusha, wanaweka 60 ndege inatulia, wanafurahi. Mi siikubali. Ile inakata mwisho wa usukani, maana yake hata uzungushe mpaka ukomo mkia hautazunguka mpaka ukomo, na siku ukikuta upepo wa pembeni wakati wa kutua utautafuta huo ukomo na haupo. Iache 100, uufanyie kazi mkunjo.

Ukiwa ndani ya ndege bonya Ctrl ya kulia na Enter, kona ya chini inatokea picha nyekundu inayoonyesha kila kontroli iko wapi saa hiyo, usukani ni ule mstari wa chini. Iache hiyo picha iwepo siku za mwanzo. Utashangaa kuona usukani unacheza wakati we unaapa hujagusa.

Na hapo ndio tunafika kwenye ugonjwa wa joistiki zote za kuzungusha, sio hii peke yake. Ukivuta kishikio kuja kwako kwa nguvu, kiganja cha binadamu hakivuti kikaenda moja kwa moja, kinajipinda. Kwenye ndege ya abiria haina shida. Kwenye mapambano uko nyuma ya adui, mmelala wote kona kali, spidi imeshuka, unavuta kwa hamu umuweke kwenye kidoti, kiganja kinajipinda kidogo bila wewe kujua, usukani unaingia, bawa moja linaishiwa nguvu ya kubeba kabla ya lenzake na ndege inajibinua tumbo juu inaanza spini, yani kuanguka huku inazunguka. Unalaumu gemu. Dedizoni ile ya 6 na mkunjo wa 25 vinazuia sehemu kubwa ya hilo, iliyobaki ni namna ya kushika: usikikabe kishikio, shika kwa vidole, mkono upumzike kwenye paja au ukingo wa meza. Na msingi wa joistiki ubane usizunguke nao, mi nimetumia ile tepu ya kunata yenye manyoya ya kushikana, mezani upande mmoja na chini ya joistiki upande wa pili.

Kupaa na TF-51D baada ya hayo yote kunakuwa hivi. Trimu ya usukani (ile ya kuuegemeza upande mmoja bila kuushikilia) unaiweka digrii 6 kulia kabla hujaondoka, hapo umeshaisaidia kazi. Kishikio kivute nyuma, kwa sababu Mustang tairi la nyuma linajiloki kishikio kikiwa nyuma na linageuka digrii 6 tu kila upande, ukikisukuma mbele ya katikati linakuwa huru kabisa linazunguka linavyotaka. Kwahiyo yule anayesukuma mbele mapema ili mkia unyanyuke haraka, yeye mwenyewe ndio amelifungua tairi. Throtoli ifungue polepole, usiende mpaka inchi 61 (ndio kipimo cha presha ya hewa inayoingia kwenye injini) kwa mara moja, ipe muda, kila ukiongeza nguvu ongeza na kiganja kulia kidogo, spidi ikipanda usukani unapata hewa ya kufanyia kazi unaanza kurudisha. Ni mazungumzo marefu kidogo. Kama bado inakushinda, kwenye ukurasa wa setingi maalum za ndege hiyo kuna msaada wa kupaa na kuna usukani wa kujiendesha, viwashe, hakuna atakayekuja kukukamata Njiro kwa kosa hilo. Ila uvishushe taratibu wiki zinavyoenda.

Angani kazi yako ni gololi. Kile kigololi kwenye kibomba chini ya dashibodi, kikienda kulia zungusha kulia, kikienda kushoto zungusha kushoto. Kwenye ndege za bunduki hii sio urembo, gololi ikiwa pembeni ndege inaenda kimshazari, pua inaangalia huku mwili unaenda kule na risasi zinapita pembeni ya mtu uliyemlenga vizuri kabisa. Ndio maana nasema joistiki isipokupa usukani mdogo unaotulia, hizo sensa za sumaku za kulengea zinapiga hewa.

Kwa ndege za kisasa kama F-16 na F/A-18 mambo ni mengine, kompyuta ya ndege inajipangia yenyewe angani, usukani unautaka chini wakati wa kukata kona za uwanjani na kutua basi. Mtu wa jeti tu, nunua hii joistiki funga macho, hata loki ya kishikio utaitumia ukishapaa.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni breki. Mustang ina breki za kwenye ncha za pedali, kila tairi na yake, na joistiki ya kuzungusha haina pedali kwahiyo unabaki kubonya kibodi. Ila Spitfire breki yake ni mkono mmoja kwenye kishikio cha rubani, na usukani wa mkia ndio unaoamua tairi gani inakamatwa zaidi. MiG-15 hivyo hivyo. Maana yake nini, maana yake kwa joistiki kama hii, batani moja ya breki pamoja na mzunguko wa kiganja unaendesha Spitfire uwanjani kama inavyotakiwa kuendeshwa. Nimeipenda sana hii, na kama unaanza na una hela ya moduli moja (ndege ya kununua ndani ya DCS) ya propela ningekwambia fikiria huko, japo magurudumu yake yamekaribiana na kutua kwake kunataka adabu.

Kuna jirani yetu anarusha ndege ndogo ya Caravan pale uwanja wa Kisongo, nikamkalisha kwenye kiti ajaribu. Akainyanyua TF-51D safi, ila muda wote miguu yake chini ya meza ilikuwa inakanyaga, alivyotua akasema, "Mdogo wangu, mikono imeelewa, ila miguu inaniuliza kazi iko wapi." Caravan nayo ni propela moja mbele, wao mguu wa kulia umeshazoea. Kwa mtu aliyezoea pedali za kweli hii ya kuzungusha itamkera, kwa sisi ambao hatujawahi kukanyaga kitu zaidi ya klachi ya gari ya shangazi haina neno.

Ukitaka kutoka kwenye kiganja kuna njia mbili ndani ya familia hiyo hiyo ya Thrustmaster. Throtoli yao ya TWCS ina kibawa upande wa mbele unakisukuma kwa vidole kulia na kushoto, hicho ukikipa kazi ya usukani mkono wa kulia unabaki na kuvuta na kulaza tu, ule ugonjwa wa kujipinda unaisha hapo hapo. Nimekijaribu kwa mshkaji wa Moshi, vidole vinachanganyikiwa mwanzoni ila mi kwa mapambano ningechagua hicho kabla ya pedali. Njia ya pili ni pedali zenyewe, TFRP, zinateleza kwenye reli na zina breki za ncha, ni za plastiki na zimekaribiana, mtu mwenye mapaja atakaa kama yuko siti ya nyuma ya noa. Ukinunua chochote kati ya hivyo kumbuka kufuta ule mstari wa RZ kwenye joistiki na ufunge loki, mabosi wawili tena hapana.

Uimara. Sumaku haziishi kwa kusuguana kwahiyo kulaza na kuinua sina wasiwasi navyo. Volyumu ya mzunguko ndio itakayoanza kuchoka siku moja, ni asili ya volyumu, na vumbi letu la Chuga la mwezi wa tisa halina huruma. Joistiki niliyokuwa nayo kabla, ya kampuni nyingine nisiyoitaja, ilifika mahali usukani ukawa unarukaruka, nikaipeleka kwa fundi redio Ngarenaro, akaifungua akapuliza kontakti klina kwenye volyumu, akaizungusha kwenda na kurudi, ikapona miezi kadhaa. Elfu tano. Ile volyumu yenyewe alisema ni ya kawaida, ikifa kabisa anaifungua anaweka nyingine. Kwahiyo usiogope hapo, ila ifunike na kitambaa ukimaliza kucheza na usimruhusu mtoto aitumie kama gia.

IL-2 nimeipitia haraka sababu kuseti kwake ni kufupi, kuna dedizoni na kichujio cha mtetemo, alafu mikunjo ya pua, ya kulala na ya usukani kila mmoja peke yake. Mle nimeweka mkunjo mdogo zaidi kuliko DCS na inatosha. Kichujio usikipandishe sana, kinafanya usukani uchelewe kuitikia.

Kwa hela hii, nyota nne kama unarusha propela, tano kama ni jeti, na hiyo moja niliyokata ni ya ile volyumu, wangeweka sumaku na pale ningenyamaza.

Ukishamaliza kuseti nakili folda ya Saved Games, ndani yake DCS, alafu Config, alafu Input, iweke kwenye flashi. Mafaili ya mle yana jina la kifaa na namba ndefu nyuma yake, kwahiyo ukija kupiga Windows upya na gemu ikajifanya haikufahamu, angalia hiyo namba kama imebadilika, ibadilishe kwenye jina la faili la zamani na mkunjo wako unarudi kama ulivyokuwa.